Msamaha wa matibabu upo, ila mama mkubwa hafiki dirishani: wiki tatu zetu kutoka Tandahimba

Mwana wa Chuno (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni msomaji wa humu wa siku nyingi, kuandika ni nadra. Leo naandika kwa sababu nimehangaika wiki tatu na mama yangu mkubwa, na kuna jambo nimeliona kwa macho yangu ambalo nikilinyamazia nitakuwa nimemkosea. Uzi ni mrefu. Walioko Tandahimba, Newala, Nanyamba, Masasi, na ndugu zetu wa Lindi, naomba msome mpaka chini, kuna maswali nitawauliza.

Mama mkubwa ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Anakaa kijijini wilaya ya Tandahimba, yeye na mjukuu wa miaka kumi. Macho yamekuwa yakimfifia kwa miaka mitatu, na sisi wote tukasema ni uzee. Mwezi wa pili mwaka huu mjukuu akanipigia kwa simu ya jirani: "Baba, bibi amemwaga uji kwenye moto, ameungua mkono. Hakuuona moto."

Kesho yake nikaenda. Zahanati ya kijiji ipo, na tabibu alimpokea vizuri sana, hilo niliseme kwanza. Akamulika na tochi, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. "Bibi, hili linatibika. Ni upasuaji mfupi tu, utaona." Akaandika karatasi ya kwenda wilayani. Mimi nikashusha pumzi. Nilijua kwamba Sera ya Afya ya 2007 inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatibiwa bure, na bango la kuwapisha wazee limebandikwa karibu kila kituo cha afya nilichowahi kuingia. Nikaona kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Ili upate msamaha unatakiwa uwe na barua ya mtendaji wa kijiji inayosema wewe ni mzee na huna uwezo. Mtendaji ni kijana mwenye adabu, hana shida na mtu. Akaomba kitambulisho. Mama mkubwa akafungua fundo la khanga, akatoa kadi yake ya mpiga kura. Tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa pale ni 1 Januari 1971.

Mama mkubwa hajui alizaliwa mwaka gani. Anachokijua ni kwamba watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, miaka ile ya 1970, yeye alikuwa na mtoto mgongoni na kinu kichwani. Hesabu mwenyewe. Mtu aliyekuwa na mtoto mgongoni wakati wa operesheni vijiji hawezi kuwa amezaliwa 1971. Ila siku ya kuandikisha, karani alimuuliza mwaka, yeye akasema hajui, karani akaandika wa kwake. Kwa karani ilikuwa sekunde mbili. Kwa kadi ile mama mkubwa hajafikisha miaka 60, hata ukimuona amejikunja kama upinde.

Mtu atasema: si atumie kitambulisho cha taifa? Hana. Alikwenda kujiandikisha mara mbili na mara zote mashine ilikataa vidole vyake. Mama mkubwa amebangua korosho tangu ubinti wake. Wasiojua kazi hii niwaeleze: ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi. Ukikaa chini ukabangua kwa rungu na jiwe, bila glovu, miaka arobaini, ncha za vidole zinabaki laini na nyeusi, hazina mstari hata mmoja. Ndiyo maana hata laini ya simu hana kwa jina lake tangu usajili wa alama za vidole ulioanza 2019. Korosho ile ile inayolisha mkoa huu ndiyo iliyofuta alama zake.

Nimekaa na jambo hili usiku mwingi.

Basi, mtendaji akaandika barua kwa kadiri alivyoweza. Wilayani wakaiangalia pamoja na kadi, wakasema umri haulingani, mlete kiapo. Tukarudi. Nikalipia kiapo. Tukaenda tena. Safari hii wakakubali, wakaandika rufaa, kwa kuwa daktari wa macho hakuwepo pale.

Sasa nawapa hesabu, kwa sababu mtu akisema "bure" ni lazima hesabu iwekwe mezani. Bodaboda kutoka kwake hadi barabara kubwa, sote wawili, 6,000. Hiace hadi wilayani 3,000 kila mmoja. Kwenda na kurudi ni 24,000, na tumekwenda mara mbili, kwa hiyo 48,000. Kiapo 15,000. Halafu safari ya Mtwara mjini: bodaboda tena 6,000, basi 8,000 kila mmoja. Jumla 85,000. Sijahesabu nauli yangu mwenyewe ya kutoka mjini kwenda kumchukua, sijahesabu siku nilizofunga kazi, sijahesabu chai na mihogo ya njiani. Shilingi 85,000 kabla daktari wa macho hajamgusa.

Barabara nayo mnaijua. Kutoka Mtwara hadi Mnivata ni lami, kilomita 50, mzee anakaa kitini bila kulalamika. Baada ya hapo, tulivyosafiri sisi masika, kila shimo alikuwa ananishika mkono kwa nguvu kwa sababu haoni linapokuja.

Hospitali tuliyoelekezwa tulifika siku ya Alhamisi. Dirisha la wazee lipo, na kweli alipishwa foleni, vijana walisimama wenyewe. Lakini msamaha unasainiwa na afisa ustawi wa jamii, na siku ile alikuwa kwenye semina. "Njooni Jumatatu." Mhudumu aliyesema hivyo hakusema kwa ubaya. Ila fikiria kama mimi nisingekuwa na chumba Chuno, pale pale Mtwara mjini. Mzee asiyeona, Alhamisi hadi Jumatatu, angelala wapi?

Jumatatu karatasi ikasainiwa, akaandikwa kwenye orodha ya upasuaji. Dawa ya matone ya maandalizi haikuwepo, tukanunua nje 18,000.

Hiki ndicho kilichonifanya nifungue uzi. Msamaha wa serikali unaanza kuhesabiwa dirishani, lakini gharama ya mama mkubwa inaanzia mlangoni kwake. Kati ya mlango na dirisha hakuna sera inayomshika mkono. Na ndipo wengi wanapoishia. Pale kijijini nimehesabu, kwa kutembea tu nyumba kwa nyumba upande wetu, wazee saba wenye macho kama yake. Hakuna hata mmoja aliyefika wilayani.

Naomba tusiingize vyama humu. Nataka kujua: kwenu mnafanyaje?

---

Liwale Kwetu

Pole sana mkuu, na mfikishie mama shikamoo yetu.

Huko kwenu angalau kuna hiace. Liwale ni wilaya kubwa mno na watu wachache, upande mmoja tumepakana na pori la Selous. Kuna vitongoji ambavyo mvua ikishika, pikipiki haipiti, na tembo wakiwa njiani hakuna mtu anayethubutu kutoka alfajiri. Kaka yangu anatumia kiti mwendo. Alipewa na wafadhili, kizuri kabisa, magurudumu membamba ya mjini. Kwenye mchanga wetu hakisogei hatua tano. Kinakaa ndani, watoto wanakichezea, yeye anatambaa.

Zahanati imejengwa kwa nguvu za wananchi, mimi mwenyewe nilibeba mawe. Imejengwa juu ya ngazi nne. Hakuna aliyekumbuka njia ya mteremko. Tulipoomba iwekwe tukaambiwa bajeti imefungwa. Mwishowe vijana wanne tulichanga mifuko miwili ya simenti, mchanga upo bure, tukajenga siku moja. Siku moja tu, mkuu. Kilichokosekana muda wote si pesa.

Na wenye maradhi makubwa ndiyo usiseme. Mei 2024, baada ya mvua zile na kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga, Lindi na Mtwara tukawa hatuna njia ya moja kwa moja ya gari kwenda Dar es Salaam. Kuna jirani yetu alikuwa anatakiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kwa mionzi. Kwa mwenye nauli ya ndege ilikuwa usumbufu. Kwake yeye matibabu yalisimama.

---

Nesi wa Kusini

Nimesoma yote. Naomba nieleze upande wa pili wa dirisha, maana nimekaa pale miaka 19 na nimewahi kuwa yule anayesema "dawa haipo, kanunue nje". Si neno jepesi kulisema mbele ya mtu mzima.

Wanaosamehewa ni wengi na wanastahili: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wasio na uwezo, wenye kifua kikuu, ukoma, VVU na wengineo. Zahanati ya kijijini ukikaa nayo siku nzima, huenda wanane katika kumi ni hao. Sasa dawa inatoka wapi? Sehemu inatoka fedha za serikali na Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambazo tangu mwaka wa fedha 2017/18 zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na hilo lilitusaidia mno, kabla ya hapo zilikuwa zinakwama halmashauri. Sehemu nyingine inatoka kwa wagonjwa wanaolipa papo kwa papo na CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii. Mgonjwa wa msamaha akipita, hakuna anayenirudishia gharama ya chupa niliyompa. Mwisho wa robo mwaka rafu ni tupu, na anayeumia wa kwanza ni yule yule wa msamaha, kwa sababu mwenye pesa atakwenda duka la dawa.

Kwa hiyo msamaha ni ahadi iliyotolewa na mmoja na kulipwa na mwingine. Kituo chenye maskini wengi ndicho kinachokauka haraka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 imeweka utaratibu wa mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Hapo ndipo tuelekeze macho yetu: fedha ya mzee imfuate mzee hadi kituoni.

Mkuu, mambo mawili ya kufanya kesho, bila kusubiri mtu.

La kwanza, kila zahanati ina kamati ya usimamizi, na ndani yake kuna wawakilishi wa wananchi. Wajue kwa majina. Kamati ndiyo inayokaa na mganga mfawidhi kupanga fedha za kituo. Mkisema tunataka dawa za wazee, za presha na kisukari, ziwekwe kwenye mpango wa robo hii, linajadilika. Vijiji vingi kamati ipo kwenye karatasi tu, haijakaa mwaka.

La pili ni huduma za mkoba. Sisi tunatoka na pikipiki na kisanduku cha chanjo kwenda vitongojini kila mwezi. Siku ile mama wote wamekusanyika chini ya mwembe. Hakuna kinachozuia wazee nao kuja mwembeni: kupimwa presha, kumulikwa macho, kuandikwa. Nilifanya hivyo kituo changu cha zamani. Haikuongeza lita moja ya mafuta.

---

Mnadani

Pole kwa mzee, lakini mimi niseme ukweli. Huku kusini watu wanajua kujifanya maskini. Mtu ana mikorosho ekari nane, msimu ukifika anakunja pesa AMCOS, kwenye chama cha ushirika, anaoa, ananunua redio na pikipiki, akiumwa anataka barua ya mtendaji. Mtendaji akimnyima ni adui wa ukoo mzima. Wewe mwenyewe umesema mama yako anabangua korosho. Mikorosho anayo au hana?

---

Mwana wa Chuno

Mnadani, umeuliza swali la haki, nitalijibu lote.

Anayo. Mikorosho thelathini na kitu, ya kurithi, mingi imezeeka. Mwaka mzuri anapata magunia mawili, matatu. Anapeleka AMCOS, inaingia ghala kuu, inasubiri mnada. Utaratibu wa stakabadhi ghalani tunao huku tangu 2007 na mimi si mpinzani wake, umewasaidia wengi kujua bei. Lakini angalia kalenda. Minada inaanza Oktoba. Hela inaingia Novemba, Desemba, mwingine Januari. Inakwenda kwenye madeni, sare ya mjukuu, salfa ya kupulizia mikorosho msimu ujao, bati lililotoboka. Ukifika mwezi wa pili, wa tatu, nyumba haina kitu, na hiyo ndiyo miezi ya mvua, malaria na njia mbovu.

Sasa huyo mtu ana uwezo au hana? Ukimuuliza Novemba anao. Ukimuuliza Machi hana hata ya bodaboda. Fomu inauliza mara moja tu, tena na mtu ambaye akimwangalia anaona mikorosho.

Na kuna jambo ambalo wewe, kwa jina lako hilo, unalijua kuliko mimi. Kangomba. Mzee akibanwa na ugonjwa masika, anamfuata mwenye pesa, anachukua kidogo leo, korosho iliyoko mtini inakuwa ya mtu. Ni kosa kisheria na inaendelea kila mwaka. Miaka miwili iliyopita mjukuu aliugua malaria kali, mama mkubwa akaweka gunia zima kwa pesa ambayo mnadani isingenunua hata robo yake. Mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure, huyu alikuwa na nane, na hata angekuwa na minne, usafiri na dripu la kununua nje angelipa nani? Kwa hiyo alianza msimu uliofuata akiwa tayari na gunia moja pungufu. Watu wanasema wazee wa kusini hawajui kutunza fedha. Mimi nimeona fedha ya mzee ikiliwa kabla haijaota ua.

Wapo wanaodanganya, sikatai. Wale wanajua pa kwenda, wana mtu wa kumpigia simu. Ukikaza masharti ili kuwazuia wao, unayemzuia ni asiyeona, asiyesikia, asiyejua mwaka aliozaliwa.

---

Mikono Inasema

Mimi ni kiziwi tangu nikiwa na miaka sita, homa ya uti wa mgongo. Ni mwanamke, niko Masasi. Nimesoma mpaka kidato cha nne na kuandika ndiko kuongea kwangu, kwa hiyo naomba mnisome polepole.

Mmezungumza njia, karatasi na fedha. Mimi nilikuwa na vyote vitatu. Nilikaa mita mbili kutoka mlango wa daktari, jina langu likaitwa, sikusikia, akaingia wa nyuma yangu. Likaitwa tena, sikusikia. Saa nane mchana nikamwonyesha mhudumu karatasi yangu, akafoka. Najua alifoka kwa sababu mishipa ya shingo ilisimama.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa 2020. Kipindi kile kila mtu amevaa barakoa, na mimi kusoma midomo ndiyo msaada wangu mkubwa. Nilikuwa kwenye uchungu, watu watatu mbele yangu, macho matupu, hakuna mdomo. Sikujua kama wananiambia nisukume au nisubiri. Mama yangu aliachwa nje ya geti. Mwishowe mkunga mmoja, Mungu ambariki popote alipo, akashusha barakoa, akanishika uso kwa mikono miwili, akaanza kupumua ili nipumue naye. Hakujua lugha ya alama hata neno moja. Mtoto akatoka salama.

Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010. Yote yanasema habari za mawasiliano. Simlaumu nesi mmoja mmoja. Ninachoomba ni kidogo sana: kila kituo mtu mmoja ajifunze alama hamsini za hospitali. Wapi panauma. Tangu lini. Umekula. Una mimba. Mzio. Meza mara mbili. Sukuma. Subiri. Sisi viziwi wa Masasi tuko tayari kuwafundisha, tuje Jumamosi, hatudai posho. Na kwenye foleni, mtoe namba iliyoandikwa kwenye ubao. Ubao na chaki.

Mimi ni wa kikundi cha ushonaji, tumeomba ile asilimia mbili ya mikopo ya halmashauri ya watu wenye ulemavu. Kikao cha kutueleza masharti kilifanyika kwa kipaza sauti.

---

Nesi wa Kusini

Mikono Inasema, nimesoma hadi mwisho na nimelazimika kuweka simu chini kidogo. Nimekutumia ujumbe pembeni. Hizo alama hamsini nizianze mimi na wenzangu wa zamu yangu.

---

Mtu wa Pwani

Naongeza moja ambalo watu wanalionea haya. Wanaume wenye mabusha na wenye matende, kuanzia Kilwa, Lindi mpaka Mikindani. Dawa za kinga za kumeza zimegawiwa miaka mingi na upasuaji wa mabusha unafanyika kwenye kambi, mara nyingi bila malipo. Hawaendi. Mjomba wangu alikaa na busha miaka 14, akaacha kwenda msikitini Ijumaa kwa sababu ya kukaa na watu. Tangazo lilipita kwa gari mchana kweupe, likitaja ugonjwa kwa jina. Nani ataonekana akitoka nyumbani asubuhi yake? Alikwenda siku rafiki yake, ambaye alikuwa amepasuliwa tayari, alipomfuata usiku wakaongea wawili. Wanaopanga kambi watumie waliopona kuwaita wenzao.

---

Mwana wa Chuno

Wakuu, nimerudi baada ya siku 24. Asanteni kwa maoni na kwa waliotuma nauli, nimempa mkononi.

Nilichukua ushauri wa Nesi. Nilikwenda kijijini Ijumaa, nikamsalimu mwenyekiti, nikamuomba suala la wazee liingie kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule unaotakiwa kila miezi mitatu. Alisita, mkutano wa mwisho ulivunjika kwa mzozo wa mpaka wa mashamba. Baadaye akakubali.

Nilikuwa nimefikiri jambo ni rahisi: wasomwe majina ya wazee wasio na uwezo, mkutano uthibitishe, mtendaji agonge muhuri barua zote siku moja. Mzee mmoja akanyanyuka. Namheshimu sana, ni fundi wa vinyago. Akasema: "Mimi macho yangu yamekwisha. Lakini siwezi kusimamishwa hapa nikaitwa fukara mbele ya wakwe zangu. Bora nife kipofu." Akakaa. Watu wote kimya.

Niliona aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyeleta wazo lile.

Tukaligeuza. Mkutano ukathibitisha umri peke yake, wazee wote, mwenye mali na asiye na mali. Baraza la wazee wakakaa pembeni na daftari, mmoja mmoja anaitwa, anaulizwa: ulichezwa unyago mwaka gani wa tukio gani, jando lenu mlikuwa na nani, ulikuwa na mtoto wa ngapi tulipohamia kijijini. Wazee wenyewe wanajuana, hakuna anayeweza kudanganya rika lake. Zikapatikana barua 23 za umri zenye muhuri, bila kiapo cha kulipia. Suala la uwezo likaachwa kwa kamati, ndani, mlango umefungwa. Yule fundi naye akachukua barua yake. Mnadani, nimeona na mwenye ekari kumi amechukua, na ameambiwa atachangia matibabu. Amekubali.

Usafiri ndiyo haujatatuliwa. AMCOS tumewaandikia kuomba sehemu ya makato ya msimu ujao itengwe kwa nauli za wagonjwa wasiojiweza, wamesema ni lazima wanachama waamue kwenye mkutano wao. Tutakwenda. Tabibu wa zahanati amekubali kumulika macho ya wazee siku ya kliniki ya mkoba, amepata tisa wenye mtoto wa jicho, na orodha ameipeleka wilayani. Tisa kwa pamoja wanaweza kujaza Noah moja, na hapo nauli inashuka.

Mama mkubwa alipasuliwa jicho la kulia siku ya Jumanne. Kesho yake walipofungua bandeji nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda. Nilidhani ataniangalia mimi. Aliinua mikono yake kwanza, akaisogeza karibu, akawa anaangalia vidole, kimoja kimoja, mbele na nyuma. Akasema, "Kumbe vimekuwa hivi." Halafu akaniuliza mjukuu amekula.

Jicho la kushoto limepangiwa miezi mitatu ijayo. Kwa hiyo naomba msaada kwa mambo mawili, mwenye kujua aandike hapa chini.

Moja, mwenye taarifa za kambi ya macho itakayofika Tandahimba au Newala kabla ya wakati huo, aniambie tarehe mapema ili tuwapange wale tisa.

Pili, kuna aliyefanikiwa kumsajili mzee ambaye vidole vyake haviandiki kabisa kwenye mashine? Ulikwenda ofisi gani, ulibeba nini, na ilichukua siku ngapi? Kijijini kwetu peke yake nimepata wanawake sita wa namna hiyo, wote wabanguaji.